Nguo na Viatu vya Mwanamke Mrefu



Mazungumzo ya leo ni juu ya mavazi, lakini si mavazi ya kila mtu. Nataka kusema habari za mwanamke mrefu: yule ambaye akiingia katika nyumba za wenziwe huinamisha kichwa mlangoni, na akinunua gauni sokoni humwishia magotini, hali jirani yake amenunua lile lile likamfikia kwenye vifundo vya miguu. Wanaume wanaodhani kwamba neno hili haliwahusu nawaomba wasiondoke, kwa maana wengi wao wana mabinti, na binti hukua.

Neno lenyewe si la mapambo. Mwanamke akivaa nguo isiyomfikia, ni wachache watakaosema kwamba nguo ni fupi; wengi husema kwamba mwenyewe hana haya. Msichana wa shule ambaye sketi yake ilikuwa ndefu mwezi wa Januari, mwezi wa Agosti aweza kurudishwa nyumbani kwa sababu imepanda juu ya magoti, naye hakutenda kosa lo lote ila kukua. Na yule asiyepata viatu vya kumtosha huvaa vidogo akaharibu vidole vyake, au huenda miguu mitupu katika matope ya masika. Nasi watu wa pwani hii ya Ziwa Nyasa twajua masika ya Kyela yalivyo. Wengine hukunja mabega wakitembea, ili waonekane wafupi. Yasikitisha kumwona mtu mwenye afya njema anajipinda kama mgonjwa kwa ajili ya kitambaa.

Sababu yake ni nini? Kiwanda hakimjui mtu hata mmoja. Hupima watu wengi, hutafuta kimo kilicho cha kawaida, kisha hukata nguo elfu kwa kimo hicho. Wastani wa urefu wa wanawake wa Tanzania ni karibu sentimita 156 au 157, yaani futi 5 na inchi 2 hivi. Mwanamke wa sentimita 178, ambazo ni futi 5 na inchi 10, amepita kipimo hicho kwa zaidi ya shibiri nzima ya mtoto. Mfanya biashara wa nguo mpya hapendi kuweka dukani mali ambayo mnunuzi wake hupita mara moja kwa mwezi. Hamchukii mtu, anahesabu tu.

Zamani shida hii haikuwako kwa namna hii. Watu wa bonde hili kabla ya kuja kwa nguo za ng'ambo walivaa nguo za magome ya miti, na gome hupigwa na kukatwa kwa kadiri ya mwili wa mvaaji. Halafu ikaja merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyopata jina lake kwa kuwa ililetwa Unguja na wafanya biashara wa Marekani, na ambayo ilienea bara pamoja na kaniki ya rangi nyeusi. Katika miaka ya 1880 kampuni ya African Lakes ilikuwa na kituo chake Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na nguo za pamba zilitumika katika nchi ile badala ya fedha. Nguo hizo zilipimwa kwa mwili wa mwanadamu: mkono ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, mikono 2 ni wari, mikono 4 ni pima, na mikono 8 ni doti. Sasa fikirini. Mtu mrefu ana mkono mrefu. Akipima mwenyewe, hupata nguo nyingi zaidi kwa bei ile ile! Wenye maduka walilijua jambo hili, wakapenda kupima kwa mikono yao wenyewe, na yadi ya chuma ilipokuja ikaukata ugomvi huo. Labda hiyo ndiyo mara ya mwisho urefu ulipokuwa faida mbele ya muuza nguo.

Hata khanga ina habari yake. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizouzwa katika jora, wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakavishona viwili pamoja kuwa vazi moja kubwa. Hawakukubali kipimo cha kiwanda. Waliona leso ni ndogo, wakaiongeza. Kiwanda ndicho kilichofuata baadaye kwa kuchapa nguo nzima. Naitaja habari hii kwa kuwa nitairudia nikisema juu ya fundi.

Lakini kwanza mitumba, kwa maana huko ndiko watu wengi huanzia. Wazee wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 jinsi maduka yalivyokuwa matupu, na jinsi mtu alivyoweza kupanga foleni siku nzima kwa ajili ya kitenge kimoja. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa, na tangu hapo marobota ya nguo zilizovaliwa yakaanza kuingia kwa wingi. Leo yapo Karume katika Dar es Salaam, yapo Mwanjelwa katika Mbeya, na kutoka huko hushuka kwa njia ya Tukuyu mpaka kwetu. Majirani zetu wana masoko yao, Gikomba katika Nairobi na Owino katika Kampala.

Wengi hudhani kwamba mitumba yote ni sawa, na kwamba kupata nguo ndefu ni bahati tu. Sivyo. Nguo hukumbuka kwao. Wanawake wa Uholanzi wana wastani wa karibu sentimita 169, na wa Latvia hukaribia 170. Basi nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mwanamke wa kawaida huko huwa ni ndefu kwa mwanamke wa kawaida hapa, na yamfaa mrefu wetu. Lakini siku hizi marobota mengine hutoka Uchina na Korea, na nguo za huko mara nyingi huwa fupi, hasa mikono na miguu ya suruali. Kwa hiyo, kabla ya kuinama kuchagua, muulize muuzaji robota lake limetoka wapi. Muuzaji mwema atakuambia, kwa kuwa yeye mwenyewe hulinunua kwa kutazama jambo hilo. Asipojua, soma vibandiko vya nguo mbili tatu ndani ya shingo, nawe utajua upesi.

Na hapa nataka kuwafunulia jambo ambalo wachache wanalijua. Wadachi wana desturi yao ya namba. Mwanamke wa kawaida huvaa namba 36, 38, 40, 42 au 44. Lakini kwa mwanamke mrefu huzidisha namba ile mara mbili: mwenye unene wa 36 hupewa nguo iliyoandikwa 72, wa 38 hupewa 76, wa 40 hupewa 80, wa 42 hupewa 84, na wa 44 hupewa 88. Unene ni ule ule, ila nguo imerefushwa mikono, miguu na kiwiliwili, na mahali pa kiuno pameshushwa. Sokoni watu huiona suruali ya kike iliyoandikwa 80, wakaitupa pembeni kwa kudhani ni ya mtu mnene mno. Wewe mrefu, iokote. Walakini angalieni: nguo za watoto wa Ulaya huandikwa kwa kimo cha mtoto katika sentimita, basi 80 huweza pia kuwa ni nguo ya mtoto anayejifunza kutembea. Hapo macho yatosha, hakuna haja ya mwalimu.

Waingereza hufanya vingine. Nguo ya kike huwa na namba kama 10, 12, 14 au 16, na ikiwa ni ndefu huandikwa neno Tall au Long, au herufi L tu nyuma ya namba. Huko London mwaka 1976 lilifunguliwa hata duka la wanawake warefu peke yao, lililoitwa Long Tall Sally, na ukikuta kibandiko chenye jina hilo ndani ya robota, usiiache nguo kabla ya kuitazama. Suruali za jinzi zina namba mbili: ya kwanza ni kiuno, ya pili ni mguu wa ndani, kutoka mapajani mpaka chini, zote kwa inchi. Namba ya pili ikiwa 30 au 32 ni ya watu wa kadiri. 34 ni sentimita 86, na 36 ni sentimita 91. Suruali ya kiume yenye kiuno kidogo na namba 34 ya mguu huweza kumfaa mwanamke mrefu, akampa fundi apunguze kiuno. Kupunguza ni kazi rahisi. Kuongeza ndiko kugumu. Sheria hiyo ikumbukeni katika kila nguo: nunua inayokutosha kwa urefu, ijapokuwa ni pana, wala usinunue inayokutosha kwa upana ikiwa ni fupi.

Mtu asiyekuwa na utepe wa kupimia na achukue uzi mnene au kamba nyembamba. Ajipime nyumbani kwa nguo yake moja inayomkaa vizuri, afunge fundo mahali pa mwisho wa mkono, fundo jingine mahali pa mguu wa ndani, la tatu kutoka shingoni nyuma mpaka kiunoni. Kamba hiyo aitie mfukoni. Sokoni hakuna mahali pa kujaribia nguo, nayo kamba haina haya, yaweza kupimwa mbele ya watu wote.

Fundo lile la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ndilo watu hulisahau. Urefu wa mwanamke hauko miguuni tu. Gauni lenye mshono wa kiuno likishonwa kwa mtu mfupi, mshono ule humkaa mrefu chini ya matiti, na hata ukiongeza kitambaa chini kiasi gani, gauni halitakaa sawa. Kwa hiyo mwanamke mrefu achague gauni lisilokuwa na mshono wa kiuno, lishukalo moja kwa moja kutoka mabegani, au anunue sketi na blauzi mbali mbali. Mkono wa blauzi ukiishia kati ya kiwiko na kifundo kwa sababu ni mfupi, uonekana ni mfupi. Ukikatwa mpaka kiwikoni na kupindwa vizuri, utaonekana umeshonwa hivyo tangu mwanzo. Tazama pia ndani ya upindo. Nguo nyingi njema za Ulaya zina upindo wa sentimita 4 au 5, ambao waweza kufumuliwa. Mstari wa zamani utaonekana, kwa kuwa kitambaa cha ndani hakikupauka. Uzi wa rangi au utepe mwembamba juu yake utauficha.

Nguo za mitumba zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuvaliwa, zianikwe juani, zipigwe pasi pande zote mbili. Na nguo za ndani za mitumba zisinunuliwe kabisa. Shirika la Viwango la Tanzania limezikataza, nalo limefanya vema.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipatana kwamba biashara ya mitumba iondoshwe kidogo kidogo mpaka ikome mwaka 2019, ili viwanda vyetu vipate nafasi. Marekani ikapinga, na nchi nyingine zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikanyimwa faida ya kuingiza nguo zake Marekani bila ushuru. Sitaingia katika hukumu ya jambo hilo kubwa. Nasema hili tu: viwanda vikirudi, nasi twavitaka virudi, na vikashona kwa kipimo kimoja cha kati, basi mwanamke mrefu ndiye atakayekuwa wa kwanza kukosa nguo. Yafaa watu wa viwanda wakumbushwe mapema.

Sasa twende kwa fundi. Watu husema fundi ni ghali, lakini kwa mwanamke mrefu sivyo sikuzote. Nguo tatu za mitumba zisizomfaa ni ghali kuliko moja iliyoshonwa ikamkaa miaka minne. Gharama hutegemea mambo mawili, kitambaa na ujira, na katika kitambaa ndiko fedha hupotea kwa kutojua kukata.

Kitenge huwa na upana wa inchi 45 au 46, yaani karibu sentimita 115. Mafundi wengi hukata sketi kwa kufuata upana huo: upande mmoja wa kitambaa huwa kiunoni, na upande wa pili huwa chini. Kwa mwanamke wa kawaida ni sawa, na husalia kitambaa cha kutosha. Lakini mwanamke mrefu huweza kuwa na sentimita 108 au 110 kutoka kiunoni mpaka kifundoni. Ukitoa mahali pa kushonea kiuno na upindo wa chini, upana ule haumtoshi, au humtosha kwa shida bila upindo wo wote. Ndipo fundi husema, "Mama, kitambaa hakitoshi, ongeza yadi mbili." Anaongeza, na bado sketi ni fupi, kwa kuwa yadi huongeza urefu wa kitambaa wala haziongezi upana!

Dawa yake ni kugeuza kitambaa. Sketi ikatwe kwa kufuata urefu wa jora. Tuseme yupo mama mwenye sentimita 110 kutoka kiunoni mpaka kifundoni, na nyonga zake zina sentimita 100. Fundi akate kipande cha sentimita 120, apate 110 za sketi na 10 za kiuno na upindo. Upana wa kitambaa, sentimita 115, unazunguka nyonga zake na kubakiza nafasi ya mshono, akiweka mpasuo nyuma ili aweze kutembea. Yadi 3 ni sentimita 274. Toa 120, zimebaki 154, nazo zatosha kwa blauzi ya mikono mifupi. Basi yadi 3 zimemvika mwanamke mrefu, na kitenge cha yadi 6 huweza kugawanywa kwa ndugu wawili, kila mmoja akalipa nusu.

Kuna sharti moja. Ukigeuza kitambaa, picha zake nazo hugeuka. Ikiwa ni kitenge cha ndege waliosimama, ndege watalala ubavuni, nawe utakuwa kichekesho kanisani. Chagua kitenge cha maua madogo, cha duara au cha mistari, kisichokuwa na juu wala chini. Mistari ya kushuka humwonyesha mtu kuwa mrefu zaidi, na ya kukingama humwonyesha mpana. Achague apendavyo, hakuna kosa katika urefu.

Mambo mawili zaidi kwa fundi. Kitambaa cha pamba kilowekwe maji na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana kikifuliwa mara ya kwanza huweza kuruka sentimita 3 au zaidi katika kila mita, na kwa mwanamke mrefu sentimita 3 ni kati ya heshima na aibu. Tena, asimpe fundi nguo ya mtu mwingine kuwa kielelezo. Ajipimishe mwili wake, naye aangalie fundi anaandika vipimo. Akisema kwa upole, "Fundi, naomba unipime pia kutoka shingoni mpaka kiunoni, na mkono nikiwa nimeukunja," fundi mwenye akili atafahamu kwamba anasema na mtu ajuaye.

Ikiwa kitambaa kimekatwa tayari na ni kifupi, wakumbukeni wanawake wale wa leso. Ongezeni kipande cha chini cha rangi nyingine. Kaniki chini ya kitenge cha manjano hupendeza, na upapi huo ukirudiwa kidogo shingoni au mikononi, hakuna atakayedhani kwamba ni kiraka. Khanga nayo, kwa kuwa upana wake ni kama mita moja na kidogo, ikifungwa kifuani haitamfikia mrefu. Aifunge kiunoni, na ya pili aitande mabegani.

Nije kwa wanafunzi. Tangu mwaka 2016 wazazi hawalipi ada katika shule za sekondari za Serikali kutoka kidato cha kwanza mpaka cha nne, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Msichana hukua upesi sana kati ya miaka 11 na 13, hata huweza kupanda sentimita 8 katika mwaka mmoja, kisha mwendo hupungua, na kufikia miaka 15 au 16 huwa amekaribia kimo chake cha mwisho. Mzazi anayeshona sketi ya kumtosha leo tu, atashona tena mwakani. Mwambie fundi aache upindo wa sentimita 12, ambao umeshonwa kwa mkono kwa mishono mirefu, usipigwe cherehani. Kila muhula fumua kidogo. Usingoje mwaka mzima, kwa sababu rangi ya bluu itapauka na sehemu ya ndani itabaki nyeusi, ikamtangaza mtoto kwa wenziwe. Kiunoni nako aache mikunjo miwili ya ndani ya kufumua. Upindo wa sentimita 12 kwa sketi ya kuzunguka sentimita 115 ni kitambaa kidogo, hakiongezi gharama ya kumtisha mtu. Nacho huweza kumweka msichana darasani miaka miwili kwa sketi moja. Shati lake na linunuliwe la kiume, la mikono mirefu, na mwalimu hatakuwa na neno, kwa kuwa nyeupe ni nyeupe.

Sasa viatu, ambavyo mimi naona ni vigumu kuliko nguo. Nguo fupi huongezwa. Kiatu kifupi hakiongezwi. Viatu vya kike madukani huishia namba 40 au 41, na mwanamke mrefu mara nyingi huhitaji 42 au 43. Kwanza ajue namba yake kwa hakika. Aweke karatasi sakafuni, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, asimame kwa uzito wake wote, mtu mwingine amtilie alama mbele ya kidole kirefu. Apime jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo mchana kutwa, na apime miguu yote miwili, kwa maana ni watu wachache wenye miguu iliyo sawa kabisa. Akipata sentimita 26 na nusu, aongeze moja na nusu ya nafasi ya vidole, zitakuwa 28. Kisha aongeze nusu yake, yaani 14, zitakuwa 42. Hiyo ndiyo namba yake kwa hesabu ya Ulaya.

Na namba ya Ulaya ina wema wake: haina mume wala mke. 42 ya kiume na 42 ya kike urefu wake ni mmoja, ila ya kiume ni pana. Namba ya Kiingereza ni hivyo hivyo. 8 yao ni karibu na 42. Wamarekani ndio huchanganya watu, kwa kuwa namba ya kike kwao huzidi ya kiume kwa moja na nusu hivi, basi kiatu cha kiume cha 9 ni sawa na cha kike cha 10 na nusu. Kwa hiyo raba na viatu vyeusi vya kamba vya kiume humfaa mwanamke mrefu bila mtu kutambua, na msichana wa shule aweza kuvivaa, mradi ni vyeusi kama sare isemavyo. Vikiwa vipana, aweke ndani kipande cha ngozi laini au cha blanketi la zamani lililokatwa kwa kufuata unyayo.

Kiatu cha mtumba kina hatari ambayo nguo haina. Nyayo nyingi za siku hizi ni za povu la mpira wa kiwandani, nalo likikaa miaka katika ghala, hasa katika joto lenye unyevu kama la hapa kwetu, huoza ndani bila kuonekana nje. Kiatu hung'aa kama kipya, na siku ya tatu unyayo humeguka kama mkate. Kikunje kiatu mbele ya muuzaji. Kibonyeze unyayo kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogo au ukisikia unga unga, kiache hata kama ni cha bure. Kilicho kizima kipeleke kwa fundi viatu akishone kuzunguka kwa uzi, asitegemee gundi.

Asiyepata kabisa, ziko katambuga. Sijui kwa nini watu huziona haya. Kiatu cha mpira wa gari hukatwa kwa kufuata unyayo wako mwenyewe, hakina namba wala wastani, na hustahimili matope ya mashamba ya mpunga. Fundi wa makubazi naye hukata ngozi kwa alama ya karatasi ile ile uliyojipimia, naye akifundishwa kupaka rangi nyeusi na kuweka kifungo chembamba, hutengeneza kiatu cha kuendea arusini. Muagizeni mwezi mmoja kabla, wala si juma la arusi.

La mwisho ni juu ya ng'ambo. Watu wa Njisi wana bahati ya kukaa karibu na daraja la Songwe, na vitenge vya Malawi huvuka kila siku. Bei ya huko hupanda na kushuka kwa kadiri ya kwacha, basi uliza thamani ya fedha siku ile ile, usitegemee ya juma lililopita. Kumbuka kwamba huko vitenge huuzwa kwa mita, mara nyingi vipande vya mita 2, hali yetu ni yadi. Mita 2 ni kama yadi 2 na inchi 7. Kwa mama yule wa hesabu yetu, mita 2 zatoa sketi, na zabaki sentimita 80 tu, ambazo ni chache kwa blauzi yenye mikono. Basi achukue vipande viwili vya namna moja yeye na nduguye mfupi, au anunue kimoja, na blauzi aishone kwa kitambaa kisicho na maua. Apite forodhani, aonyeshe alichonunua, achukue risiti yake.